Harufu kwenye Kona ya Msufi

Siku za soko, Delrose Tulloch aliamka wakati ukungu ungali umelalia mapaa. Mumewe, Cleveland, alikuwa tayari uani akifunga mafungu ya karoti na vitunguu vya majani. Jikoni, mama mkwe wake, Mama Icilda, alibanika shelisheli juu ya makaa.

"Delrose, kunywa chai kwanza," alisema Mama Icilda. "Soko haliendi popote."

"Soko haliendi, mama. Wateja ndio wanaokwenda."

Wanaishi Mount Prosper, huku kwetu milimani Portland, Jamaika. Kwa miaka mingi Delrose alishuka sokoni juu ya magunia, katika magari ya watu. Sasa alikuwa na gari lake. Lilikuwa dogo, la otomatiki, rangi ya fedha, jipya kabisa. Cleveland alikuwa hajakubali hata nailoni ya kwenye viti iondolewe.

Delrose alijifunza kuendesha mjini, kwenye barabara za tambarare. Barabara yetu si tambarare. Kutoka Mount Prosper inateremka tu, kona baada ya kona. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni korongo. Karibu na chini, kabla ya daraja, kuna kona kali yenye msufi mkubwa. Mizizi yake imesimama kama kuta. Watu wa huku hawapendi kusimama pale. Wanasema wafu wasiotulia hukaa kwenye misufi. Tunawaita dupi.

Asubuhi ile ya kwanza ukungu ulikuwa mzito. Delrose aliendesha polepole. Mama Icilda alikaa kando yake, kikapu mapajani. Walipofika kwenye msufi, harufu iliingia garini.

Ilikuwa harufu ya kuungua. Ilikuwa kali, kama nywele zilizoshika moto, kama zulia kuukuu lililotupwa jaani na kuchomwa.

"Mama, unasikia harufu hiyo?" aliuliza Delrose.

Mama Icilda alikuwa akiutazama msufi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama?"

"Funga dirisha," alisema kwa sauti ndogo. "Usisimame hapa. Na usiite jina la mtu."

Delrose alifunga dirisha. Wakavuka daraja. Barabara ikawa tambarare, na kabla hawajafika mjini harufu ilikuwa imekwisha. Jioni walipopanda kurudi nyumbani, walipita kwenye msufi uleule. Hawakusikia harufu yoyote.

Usiku wa siku ile Mama Icilda aliwaambia.

"Mnajua kaka yangu Lambert alifia pale. Lori lake la kahawa liliwaka moto, likatumbukia korongoni. Lakini kuna jambo sijapata kumwambia mtu. Nilikuwa nimesimama darajani, namsubiri anipeleke mjini. Harufu ilinifikia kabla sijaliona lori. Harufu ileile ya leo. Miaka yote hii, pua yangu haijaisahau."

Cleveland alijaribu kucheka. "Mama, gari jipya linanuka kidogo. Aliyetuuzia alisema. Kuna mafuta na rangi kwenye bomba la moshi. Vikipata joto mara ya kwanza vinaungua, halafu basi."

"Haya," alisema mama yake. "Tusubiri basi."

Cleveland hakusubiri tu. Asubuhi, gari likiwa limepoa, aliingia chini yake. Alitazama kama mfuko wa nailoni umenasa kwenye bomba la moshi. Hakuona kitu. Akafungua boneti. Alitafuta mafuta yaliyomwagika, nyasi zilizoletwa na panya, waya uliotafunwa. Kila kitu kilikuwa safi.

Wakasubiri. Wiki zikapita. Rangi ya kwenye bomba ingekuwa imeshaungua zamani. Lakini kila walipoteremka, harufu ilikuwa pale, kwenye kona ya msufi, ikiwangoja.

Mama Icilda alianza kubeba chumvi. Wakifika kwenye kona aliirusha nje na kutukana matusi makubwa, kwa kuwa dupi hukimbia matusi.

"Mama! Na wewe ni mwimbaji wa kanisa!" alisema Delrose.

"Mungu ananielewa. Endesha."

Habari zikaenea. Watu wa dukani walianza kumtania Delrose. "Leo umembeba Lambert kiti cha mbele au cha nyuma?" Mwingine akasema, "Dupi anamjua wa kumtisha." Walicheka, lakini hakuna aliyekubali tena kupewa lifti. Wengine walisema wameona macho mawili mekundu yakiteremka ndani ya ukungu, bila kufumba, kutoka juu hadi kwenye msufi.

Siku moja Delrose aliteremka peke yake. Gari lilikuwa limejaa mizigo hadi darini. Harufu ilikuja mapema, kabla ya kona. Kisha akakanyaga breki, na pedali ikazama. Ilizama taratibu, kama mguu unaozama kwenye matope. Gari halikutaka kusimama. Delrose akapiga kelele. Akakanyaga tena na tena. Gari likasimama huku gurudumu la mbele limegusa mzizi wa msufi.

Kukawa kimya. Hakuna ndege aliyelia. Alifungua mlango, na hewa ya moto ikampiga miguuni, ilhali asubuhi ilikuwa ya baridi. Kisha akasikia sauti. *Tik. Tik. Tik.* Ilikuwa kama kucha za mtu zinazogonga bati, na ilitoka chini ya gari.

Delrose alikimbia. Aliacha karoti na vitunguu, akapanda mlima kwa miguu. Cleveland alipokwenda kulichukua gari mchana, lilikuwa limepoa na breki zilishika vizuri.

"Liuze," alisema Delrose. "Mimi siligusi tena."

Ng'ambo ya korongo anakaa Verona Gayle. Verona ni dereva wa basi la abiria liendalo Kingston. Siku ile alikuwa nyumbani kwa mapumziko. Aliposikia habari alikuja na mkate wa nazi, akaketi jikoni.

"Hujaja kunicheka?" aliuliza Delrose.

"Shoga, nimeteremka milima mingi. Sicheki mambo ya harufu. Nijibu tu. Inakuja mkiteremka au mkipanda?"

"Tukiteremka tu."

"Mkifika mjini?"

"Inakwisha."

"Na pedali ilizama?"

"Ilizama, Verona. Kama kuna mtu chini anaivuta."

Verona alikata kipande cha mkate. "Hayo macho mekundu hata mimi nimeyaona kutoka kwangu," alisema. "Kesho tuteremke. Bila mizigo, polepole sana. Nitakaa nyuma."

"Sitaki."

"Mimi nitakwenda," alisema Mama Icilda kutoka mlangoni. "Kama ni Lambert, ni kaka yangu. Kama si Lambert, nataka kujua."

Basi Delrose naye akakubali.

Kesho yake walianza safari. Verona hakutazama barabara. Aliinama katikati ya viti viwili vya mbele, akatazama miguu ya Delrose. Kabla ya kufika kwenye kona, harufu ikaingia.

"Ndiyo hiyo!" Mama Icilda alishika kikapu chake.

"Simama hapa, palipo pana," alisema Verona. "Weka gia ya kuegesha. Zima injini."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

Waliteremka. Ukungu ulikuwa unapita katikati ya matawi ya msufi. Chini ya gari ile sauti ilianza. *Tik. Tik.* Verona alizunguka gari akinusa. Alinusa boneti, akatikisa kichwa. Alinusa nyuma, kwenye bomba la moshi, akatikisa kichwa. Kisha akachuchumaa karibu na gurudumu la mbele. Akasogeza kiganja bila kugusa.

"Njooni. Msishike. Sogezeni mkono tu."

Joto lilitoka kwenye gurudumu kama kwenye mdomo wa tanuri. Uzi mwembamba wa moshi ulipanda kutoka ndani ya rimu.

Mama Icilda alifungua chupa yake ya maji.

"Usimwagie, mama!" Verona alimshika mkono. "Chuma cha moto kikipata maji ya baridi hupinda au hupasuka. Tuache upepo ukipoze. Hiyo tik-tik ni chuma kinapopoa."

"Kwa hiyo ni nini?" aliuliza Delrose.

"Ni breki, shoga. Niambie, mguu wako wa kushoto una kazi gani?"

"Unakaa kwenye breki. Ili nikihitaji kusimama uwe tayari."

"Haukai. Unakanyaga. Kidogo kidogo, kutoka juu mpaka hapa. Ndiyo maana taa za nyuma za gari lako hazizimiki. Hayo ndiyo macho mekundu."

Delrose aliziba mdomo kwa mkono.

"Ndani ya gurudumu kuna pedi," Verona aliendelea. "Ukikanyaga breki, pedi zinabana sahani ya chuma. Zikibana bila kuachia zinapata moto. Hapo zinanuka. Ukizidi, mafuta ya breki nayo yanachemka, yanatoa mapovu. Pedali inakanyaga mapovu. Ndiyo maana ilizama."

"Lakini kwa nini hapa tu? Kwa nini kwenye msufi?"

"Kwa sababu hapa ndipo mteremko unapokwisha. Umeshakanyaga breki mlima mzima. Gari lolote litakaloteremka hivyo litanuka hapa hapa, jipya au kuukuu."

Mama Icilda alikuwa amekaa kwenye jiwe. Alitazama korongoni.

"Lambert alikuwa anazima injini," alisema polepole. "Alikuwa anaokoa mafuta. Aliliacha lori literemke lenyewe kwa uzito wake. Alikuwa na haraka, meli ilikuwa inasubiri kahawa. Alijisifu kila siku kwamba anaendesha kwa breki tu."

Verona akaketi kando yake.

"Pua yako haikukosea, mama," alisema. "Harufu ndiyo hiyo hiyo."

Mama Icilda alilia kwa muda. Walimwacha alie. Gurudumu lilipoacha kutoa joto, Verona alikanyaga pedali kwanza gari likiwa limesimama. Ilikuwa ngumu, haikuzama. Akakaa yeye kwenye usukani.

"Tazama," alimwambia Delrose. "Kwenye gia kuna herufi L. Ni gia ndogo. Unaiweka juu ya mlima, kabla ya kuanza kuteremka. Injini ndiyo inayolishika gari. Utaisikia inanguruma, usiogope. Mguu wa kulia ndio wa mafuta na ndio wa breki. Wa kushoto uache upumzike sakafuni. Gari likianza kwenda mbio, kanyaga breki kwa nguvu kidogo, lipunguze mwendo, kisha achia breki zipate hewa."

"Na nikisikia harufu tena?"

"Unasimama mahali salama na kuacha zipoe. Ikiwa ni harufu ya waya au plastiki, au moshi unatoka kwenye boneti, unazima gari, wote mnatoka na kukaa mbali. Msifungue boneti. Na gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine wakati hujatumia breki sana, hiyo ni breki iliyoganda. Hilo ni la fundi."

Waliteremka hadi mjini kwa gia ndogo. Fundi alifungua magurudumu. Pedi za mbele zilikuwa nyeusi na zimeng'aa kama kioo. Alizibadilisha, akabadilisha na mafuta ya breki. "Mngeendelea kidogo tu," alisema, hakumaliza.

Kwa siku kadhaa Verona alikaa na Delrose garini, akimpandisha na kumteremsha mlima. Mwanzoni mguu wa kushoto ulikuwa mkaidi. Verona aliupiga kwa kandambili kila ulipoinuka. Baadaye ukatulia. Sasa walipita kwenye msufi bila kunusa chochote ila udongo uliolowa. Majirani wakarudi kuomba lifti. Cleveland akaitoa nailoni kwenye viti.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Jumapili, yenye ukungu kuliko zote. Delrose na Mama Icilda walikuwa wakiteremka kwenda kanisani. Gia ilikuwa kwenye L. Mguu wa kushoto ulikuwa sakafuni. Walipokaribia msufi, harufu ikaja.

Nywele zinazoungua. Zulia kuukuu.

"Delrose," alisema Mama Icilda.

"Sijakanyaga, mama. Naapa sijakanyaga."

Delrose alisimama palipo pana. Alizunguka gari, akasogeza kiganja kwenye kila gurudumu. Yote yalikuwa ya baridi. Hakukuwa na moshi. Hakukuwa na tik-tik. Harufu ilikuwa imejaa hewani, na ukungu ulikuwa mweupe pande zote. Mama Icilda alitazama msufi, akaanza kuomba kimoyomoyo.

Ndipo waliposikia watu wakikohoa.

Mbele yao, nyuma ya mizizi, kulikuwa na basi dogo la wageni. Kwaya nzima ilikuwa ndani, wamevaa nguo nyeupe. Moshi ulizunguka magurudumu yote mawili ya mbele. Dereva alikuwa ametoka kuyatazama, na sasa alikuwa anapanda tena.

Mama Icilda hakungoja. Alikwenda haraka kadiri miguu yake ilivyoweza, akasimama mbele ya basi, mikono kiunoni.

"Zima!"

"Bibi, tunachelewa ibada. Ni harufu ndogo tu."

"Kanyaga breki yako. Kanyaga nione."

Dereva alikanyaga ili amridhishe. Uso wake ukabadilika. Alikanyaga tena. Mguu ulikwenda mpaka chini.

"Haya," alisema Mama Icilda. "Kaka yangu alikuwa na haraka kama yako. Yuko korongoni hapo. Shusha watu wako."

Wanakwaya walishuka, wakasimama kando ya barabara. Delrose akamweleza dereva kila kitu, kama alivyoelezwa yeye. Alimzuia asimwage maji. Walisubiri hadi jua lilipoanza kupenya kwenye majani. Pedali ilirudi kuwa ngumu.

"Hata hivyo usiwapakie watu," alisema Delrose. "Mpaka darajani watembee kwa miguu. Wewe weka gia ya kwanza, nenda kama kobe. Ukifika tambarare simama, umpigie fundi."

Dereva alitii. Basi tupu liliondoka likinguruma kwa gia ya kwanza, na ukungu ukalimeza. Wanakwaya walitembea nyuma yake. Delrose na Mama Icilda walibaki kwenye msufi wakisikiliza. Walisikiliza mngurumo ukishuka, kona ya mwisho, kisha mbao za daraja zikigonga chini ya magurudumu. Kisha injini ikazimwa, taratibu, na mwanakwaya mmoja kule chini akaanza kuimba.