Profesa Asiyeitikiwa Salamu Kwao

"Shikamoo, mayu."

Mama yangu mzazi akanipita na ndoo yake ya maji kama vile amepishana na kichaka…

Nikarudia kwa sauti. Akaingia ndani, akakomea mlango. Majirani walikuwa uani wanachambua pamba. Hakuna aliyeinua uso.

Jamani mnaonisoma humu, mmeshawahi kuwa mzimu mkiwa hai?

Mimi ni profesa wa sheria ya jinai. Chuoni naitwa Profesa Asteria, na vijana wakiniona kwenye korido wanaficha simu. Lakini kijijini kwetu, nje kidogo ya Mhunze, hata mbwa wa nyumbani ana nafuu. Yeye anaitwa.

Kisa? Nilikuwa likizo, sungusungu, walinzi wa jadi, wakamkamata Januari, kijana wa pale kijijini, wakidai kaiba ng'ombe. Wakampiga mbele ya macho yangu. Niliwasihi, wakanisukuma pembeni. Kabla hajakata roho, akanitazama.

"Dada, si wewe unajua sheria?"

Sauti hiyo haijaniacha mpaka leo. Nikifika mada ya mauaji darasani namsikia kabisa.

Miaka yote nimefundisha kwamba shahidi akinyamaza, haki inazikwa pamoja na marehemu. Sasa ningenyamazaje mimi? Nikapanda kizimbani, nikawataja. Wote watatu wakafungwa.

Mmoja wao ni Bujiku. Kaka yangu, tumbo moja!

Ndipo dagashida, mkutano wa sungusungu, ukanitenga. Anayenisemesha analipa ng'ombe. Kwa wengine sikushangaa. Ila mama?

Nikaenda Kolandoto kwa mdogo wangu Lusia, ambaye kaolewa huko na katazo halimfikii. Nililia bila aibu, uprofesa wangu wote nikauacha mlangoni. Nikamwambia mama kamchagua Bujiku, mimi kanitupa.

Lusia akaniacha nimalize.

"Dada, unajua nani alisema utengwe?"

"Nani?"

"Mama."

Nilitaka kuinuka niondoke. Akanishika mkono.

"Ulikuwa ukatwe mapanga. Watu walishapatikana. Mama akasimama katikati ya wanaume, akasema mtengeni, na mimi ndiye nitakayeanza kumnyamazia. Si unajua kwetu aliyekwisha kuhukumiwa na dagashida haguswi tena?"

Nilijua. Hata kwenye sheria ninayofundisha ipo: mtu haadhibiwi mara mbili kwa kosa moja. Nimeieleza mihula mingi, tena kwa mbwembwe. Sikuwahi kufikiria kuna mama angeilipia kwa kumpoteza mtoto wa pili.

"Na akiniitikia?" Nilikuwa nauliza, ila jibu nalijua.

"Atakuwa kaivunja adhabu. Watakurudia."

Mchana uleule nikampigia mama. Akapokea. Nikamwamkia… kimya. Lakini hakukata. Nilimsikia anavyopumua, na kuku wanalia nyuma yake. Nikamsimulia habari za wanafunzi wangu, za wajukuu wake, na za hili goti linalonisumbua. Nikamwambia nimejua. Nikaongea peke yangu mpaka salio likaisha.

Ndugu zangu, mzazi akikunyamazia usikimbilie kusema hakupendi. Wangu ananyamaza ili mimi niishi, na najua inamuuma kuliko inavyoniuma.

Siku hizi nampigia kila Jumapili akitoka kanisani. Hajawahi kusema neno hata moja, na hajawahi kuwa wa kwanza kukata.