Ua wa Shangazi Kokugonza

Asubuhi moja ya Jumamosi, mwaka sabini na nne, shangazi yangu Kokugonza alikuwa anaoga uani kwake, amejisitiri kwa kanga aliyoitundika kwenye fito mbili. Upepo ukaichukua kanga. Watu waliokuwa wanakwenda shamba la kijiji wakasimama kutazama. Mwenyekiti wetu, Rugaibula, ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Tulikuwa tumehamishiwa rweya, nyika ya majani matupu, kutoka Buganguzi ambako migomba ilifunika nyumba hata jirani hajui umepika nini. Huku nyumba zilipangwa mstari kama madawati. Ujamaa wenyewe sikuuchukia. Nilimchukia Rugaibula, na sioni haya kusema. Kila kichaka mtu alichopanda mbele ya mlango wake, Rugaibula alikuja kuking'oa kwa mkono wake mwenyewe. "Anayejificha ana la kuficha," ndiyo ilikuwa hotuba yake.

Shangazi alikuwa mjane, na ndiye aliyenilea mpaka nikaolewa, nyumba ya tatu kutoka kwake. Siku ile hakulia. Alivaa, akachukua panga, akaja mlangoni kwangu.

"Immakulata, twende Buganguzi."

Nilidhani tunafuata ndizi. Kumbe alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la mumewe, kibanjani, katika shamba lao la migomba. Lilizungukwa na omulamula, ule mti ambao Wahaya tunaupanda mipakani na makaburini. Ukishasimama, neno limekwisha. Mwenye akili zake haugusi. Tena haufi upesi: kata kipande, chomeka ardhini, kitaota. Shangazi akaanza kukata.

"Shangazi, huo si wa kukatwa," nilinong'ona.

"Najua."

Kila kipande alikisemea kwa Kihaya, meno yameumana kwa hasira. Maneno yalikuwa hayo hayo: asinione mtu tena. Nilipaswa kumzuia, lakini na mimi hasira ilikuwa imenijaa, nikajitwisha mzigo.

Jioni ile tulivichomeka kuzunguka ua wote, tukaacha kipenyo kimoja cha kuingilia. Vilinifika magotini. Kesho yake nilipotoka kanisani vilikuwa vimenipita kimo. Majani yalikuwa yameshikana, hapapiti hata kidole.

Nikamwita shangazi.

"Nipo, mwanangu. Naosha vyombo."

Nikaingia. Jiko lilikuwa linafuka moshi. Sufuria limetoka kusuguliwa, linadondosha maji. Kigoda kilikuwa kitupu.

"Uko wapi?"

"Si huyu hapa."

Sauti ilitoka mbele ya uso wangu. Mbele yangu hapakuwa na mtu.

Jumatatu Rugaibula aliuona ua ule, akapandwa na mori. Alikuja na panga, nyuma yake nusu ya kijiji.

"Kokugonza! Toka tukuone!"

"Ndugu Mwenyekiti, ngoja nivae," ilijibu sauti, taratibu.

Akacheka. Akafyeka mti mmoja, akapita. Tulisikia kicheko chake kule ndani. Kikakatika. Hata majani hayakutikisika.

Alitoka kinyumenyume. Panga hana. Amejikumbatia kifua kwa mikono miwili, na nguo zake zote zilikuwa mwilini.

"Ananitazama," alisema.

"Nani?"

"Ananitazama."

Tangu siku hiyo Rugaibula hakuoga. Aliziba madirisha kwa blanketi. Akaziba nyufa kwa tope. Yeye, aliyeng'oa vichaka vya wenzake, akapanda ua kuzunguka nyumba yake! Haukumsaidia. Mkewe alituambia kwamba kila mchana mumewe alijibanza pembeni ya kitanda, akinong'ona, "Yumo humu." Mwishowe alikimbilia Nshambya, Bukoba mjini, akajifungia katika chumba kisicho na dirisha. Huko nako alinong'ona hayo hayo hadi kufa. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi!

Lakini ni nani atakayenirudishia shangazi yangu? Sauti yake ilipungua mwezi hadi mwezi, hadi siku nilipoita isiitike. Kijiji kikasambaratika, watu tukarudi kwenye vibanja vyetu. Ua umebaki peke yake kule rweya.

Pasaka iliyopita nilikwenda. Ndani pamefagiliwa. Jiwe la kuogea lilikuwa limelowa, na mvua haikuwa imenyesha. Nikashindwa kujizuia, nikapiga kelele.

"Ulisema asikuone mtu! Hata mimi? Mimi niliyekubebea miti?"

Nikageuka, nikaondoka nalia kwa hasira.

Nyumbani mume wangu aliniuliza nani kanishika. Nikavua gauni nikalitazama. Mgongoni palikuwa na alama ya kiganja cha maji, vidole vitano vimetandazwa, pale pale shangazi alipozoea kunipapasa nilipokuwa mtoto nikilia.

Gauni nimelianika juani tangu Pasaka. Kwingine kote kumekauka, isipokuwa kile kiganja.