Shimo Lililozibwa Neuthal

“Umewahi kuoa?”

Marisela aliuliza tu hivyo, glasi ya mvinyo mkononi, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye shamba la mizabibu nje kidogo ya Fredericksburg, na mama mwenye shamba alikuwa anawamiminia kidogo kidogo waonje.

Royce akacheka.

“Swali gani hilo asubuhi yote hii?”

“Ni la ndiyo au hapana.”

“Hapana. Sijaoa, sijachumbia, sina hata mtoto wa kusingiziwa. Umeridhika?”

“Nimeridhika.”

“Mimi sijasikia kitu,” akadakia mama mwenye shamba, akiwasogezea chupa nyingine. “Ila huu mwekundu hapa unataka nyama. Msije mkaunywa na biskuti halafu mkanilaumu.”

Wakacheka wote watatu, yakapita.

Sasa msimwone Marisela Ybarra mchokozi. Alikuwa na sababu. Mwanaume aliyekuwa naye kabla ya huyu alimchumbia, akala kwa mama yake, akachagua hadi keki ya harusi, kumbe ana mke na watoto Laredo. Keki ililiwa na majirani. Tangu siku hiyo Marisela, daktari wa mifugo pale San Antonio, akajiwekea sharti moja tu: mwanaume aje na maisha yake yote mezani. Mabaya, mazuri, yote.

Royce Tillman aliuza pampu za visima, mtu wa Austin, mcheshi, mpole, anayejua kupika mayai na kunyamaza. Alhamisi alimtolea pete. Marisela akamwambia: “Nipe wikiendi. Tuzunguke vilimani, tunywe, tucheze dansi. Jumapili jioni tukila kwa mama nitakujibu mbele yake.” Pete ikawekwa kwenye kijidroo cha pikapu, ikasafiri nao.

Walipotoka pale, simu ya Marisela ikalia. Ujumbe wa mama yake.

“Umemjibu?”

“Mama, bado ni Jumamosi.”

“Najua siku. Nauliza moyo.”

Moyo ulikuwa tayari, tusifichane. Jumamosi hiyo walipita mashamba mengine ya mizabibu, wakanunua pichi barabarani, jioni wakacheza kwenye ukumbi mmoja wa mabati ambako Royce alimzungusha vizuri mpaka bibi mmoja akaja kumwazima. Marisela alikaa kwenye benchi akiwatazama, akijisemea, basi, ndiye huyu.

Jumapili mchana wakaingia kwenye kiwanda kidogo cha bia kilichofunguliwa ndani ya ghala la zamani la pamba. Wakaagiza nyama ya kifua iliyokaushwa kwa moshi, soseji na kachumbari ya matango. Royce akanywa bia mbili. Marisela akanywa maji, maana zamu ya usukani ilikuwa yake. Ukutani palikuwa na tangazo.

“Royce, ona! Neuthal kuna dansi leo, saa nane hadi saa kumi. Si ni hapo tu nyuma ya mto?”

Royce hakugeuka kutazama.

“Neuthal achana nako. Ukumbi una joto, bia yao ya moto, wazee watupu.”

“Umeshafika?”

“Nimesikia watu wakisema.”

“Mimi wazee ndio nawapenda, wanajua kucheza. Twende.”

“Mpenzi, twende Luckenbach, kuna kivuli kizuri...”

“Wewe umekunywa, funguo ninazo mimi. Mwenye funguo ndiye anayejua njia.”

Royce akatabasamu kwa mdomo tu. Njia nzima hakuimba, na yeye kwenye gari huwa anaimba hata matangazo ya redio.

Mlangoni Neuthal palikuwa na mzee mwenye muhuri wa kugonga watu mkononi. Akamgonga Marisela, akamgonga Royce, kisha akabaki ameushika mkono wa Royce.

“Sura hii naijua.”

“Nafanana na watu wengi, mzee wangu.”

“Mh. Haya, karibuni.”

Royce akaishusha kofia mpaka kwenye nyusi, akachagua meza ya kona kabisa. Ukumbi ulikuwa wa mbao tupu, madirisha yameinuliwa na kuegemezwa vijiti, feni zinazunguka. Familia zilikuwa zimejaa kwenye meza ndefu, kila moja na sanduku lake la barafu na sinia la chakula. Jukwaani kodiani, fidla na gitaa. Bendi ikapiga polka, na pale vilimani polka haikaliwi.

“Inuka.”

“Mguu unaniuma kidogo.”

“Jana haukuuma ukiwa na bibi wa watu. Inuka!”

Akainuka. Wakaingia kwenye mzunguko pamoja na wengine, wakizunguka ukumbi kwa kasi. Walipofika kwenye nguzo ya tatu, Marisela akaona kituko: wote waliowatangulia walirefusha hatua na kuruka, kana kwamba kuna dimbwi. Hapakuwa na kitu, sakafu ilikuwa kavu inang'aa. Kabla hajafikiri, Royce akamshika kiuno, akamnyanyua na kuruka naye, kisha wakaendelea. Mzunguko wa pili, vile vile. Hata chini hakutazama. Mdomo wake aliufunza vizuri sana, lakini miguu hakuiambia kitu.

Wimbo ulipoisha Marisela akaenda kaunta kununua bia. Mhudumu alikuwa mwanamke wa rika lake, mrefu, nywele amezifunga kwa kitambaa, amewapa wachezaji mgongo, akipanga chupa kwenye barafu.

“Samahani, dada. Pale kwenye nguzo mnaruka nini?”

Yule mwanamke akacheka bila kugeuka.

“Shimo.”

“Mbona sijaliona?”

“Lilizibwa kabla mimi sijazaliwa. Zamani ubao ulioza, bibi harusi akatumbukiza mguu hadi gotini siku ya harusi yake. Wakaziba wiki ile ile. Lakini watu walikuwa wameshazoea kuruka, wakawafundisha watoto, na watoto wakatufundisha sisi. Wageni hupita juu yake tu, tunawajua hapo hapo. Wewe umekanyaga?”

“Mwenzangu alinirusha.”

“Basi mwenzako si mgeni. Yuko wapi, nimsalimie? Wa hapa wote nawajua.”

Marisela akamwonyesha kona. Yule mwanamke akageuka, akatazama. Kicheko kikamwisha usoni, asikasirike, akawa tu na uchovu.

“Ahaa. Royce.”

“Unamfahamu?”

“Dada, mimi naitwa Hedy Kneupper. Ukumbi huu ni wa familia yetu. Wewe ni nani kwake?”

“Jioni hii natakiwa nimwambie kama nitaolewa naye.”

Hedy akaiweka chupa chini, akajifuta mikono kwa aproni.

“Unataka nikwambie au nikuuzie bia?”

“Niambie.”

“Tulioana hapa hapa. Watu wote hawa unaowaona walikuwepo, ila kwa kofia ile hawajamtambua bado. Tulikaa miaka mitatu.”

Marisela akashika ukingo wa kaunta. Akasikia tena sauti ya jana, sijaoa, sijachumbia, na kicheko chake mwenyewe kikiitikia.

“Alikupiga? Alikuwa na wanawake?”

“Hapana. Sitamsingizia. Royce ni mtu mwema, analeta nyumbani anachopata. Tuliachana kwa sababu siku moja mwanamke wa Lubbock alipiga simu nyumbani kuulizia vitu vyake. Mke wake wa kwanza. Mimi niliambiwa ndiye wa kwanza, na niliuliza, dada, niliuliza nikimtazama machoni.”

“Kumbe na wewe uliuliza.”

“Kuwa na mke wa zamani si kosa, hata baba yangu alioa mwingine kabla ya mama. Lakini nilikuwa nimelala miaka yote ile na mtu ninayemjua nusu, na nusu nyingine iko kwenye simu ya mtu. Nikashindwa.” Hedy akaiweka bia mbele yake. “Hii usilipe. Na usiamue kwa maneno yangu. Muulize mwenyewe tena. Labda amejifunza.”

Marisela aliiacha bia pale pale. Kwenye kona hapakuwa na mtu. Alimkuta Royce nje, kwenye kivuli cha pikapu, mlango wa gari uko wazi, kijisanduku cha pete kiko mkononi.

“Nimefikiri,” Royce akasema harakaharaka, “hakuna haja ya kungoja chakula cha mama. Nijibu hapa. Tuondoke tukiwa wachumba.”

“Nitakujibu. Kwanza nirudie swali langu la jana.”

Royce akautazama mlango wa ukumbi.

“Umeongea na Hedy.”

“Nimeenda kununua bia. Umewahi kuoa, Royce?”

Akavua kofia. Jasho lilikuwa limechora mstari kwenye paji la uso.

“Ndiyo. Nisamehe. Nilimwoa Hedy, haikudumu, niliona aibu. Ulikuwa umeumizwa na yule wa Laredo, nikaogopa ukisikia utakimbia. Ni hivyo tu, mpenzi. Mara moja.”

“Mara moja.”

“Mara moja tu. Naapa kwa kaburi la mama yangu.”

Marisela alikuja kunisimulia mwenyewe baadaye kwamba pale, kwa nafasi ile ndogo kati ya swali na jibu, alikuwa anaomba. Aseme mbili. Aseme tu mbili, nivae pete hii hapa hapa kwenye vumbi. Alikuwa ameshaunyoosha mkono kidogo.

Akaurudisha.

“Na yule wa Lubbock?”

Ndani bendi ilikuwa inakaza nyuzi, watu wanacheka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na cha Royce kilimkuta mchana kweupe, kofia mkononi.

“Nilitaka nianze upya,” akasema kwa sauti ndogo. “Mwanamke akijua umeshindwa mara mbili, anakaa akingoja ya tatu. Hujui inavyokuwa kutazamwa hivyo.”

“Sijui, kwa sababu hukunipa nafasi ya kukutazama.”

“Mimi nakupenda, Marisela. Hilo sikulidanganya.”

“Najua. Na mimi nakupenda, ndiyo maana inauma.” Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. “Sikuomba mtu asiye na makovu. Mimi kazi yangu ni kushona mbwa walioumwa. Niliomba unionyeshe tu yalipo. Kila mwanamke unaanza naye upya, Royce. Mimi nilitaka mtu wa kuendelea naye.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo jibu ni hapana.”

Royce alibaki amesimama na kijisanduku chake. Alionekana mzee ghafla, na Marisela alimhurumia, lakini huruma haivishwi kidoleni. Akachukua begi lake na kapu la pichi nyuma ya pikapu.

“Wewe umekunywa, usiendeshe sasa. Kaa, ule, unywe maji, uondoke baadaye. Funguo nitampa mzee wa mlangoni.”

“Na wewe utarudije?”

“Nitajua.”

Akarudi ndani na begi lake na macho mekundu. Mwimbaji alikuwa anasogea kwenye maikrofoni.

“Jamani, walzi ya mwisho! Kama mnavyojua, mtu utakayecheza naye hii ndiye anayekurudisha nyumbani. Kwa hiyo chagueni vizuri, msije mkatulaumu kesho!”

Watu wakacheka, wazee wakaanza kuinuana. Royce alikuwa amemfuata hadi mlangoni. Akamnyooshea mkono, pole pole. Marisela akautazama mkono ule aliouzoea, akatikisa kichwa, akampita mzee na kumwachia funguo, akaenda moja kwa moja hadi kaunta.

Hedy alikuwa anafunga droo ya pesa.

“Amesema?”

“Amesema moja.”

Hedy akashusha pumzi.

“Pole, dada. Nilitamani aseme mbili. Kweli nilitamani.”

“Hata mimi.” Marisela akaweka kapu la pichi juu ya kaunta. “Wewe jioni hii unaelekea wapi?”

“San Antonio. Mimi ni muuguzi, kesho nina zamu. Jumapili naja tu kuwasaidia wazee.”

“Una nafasi kwenye gari?”

“Ninayo. Ila umesikia sheria ya hapa.” Hedy akafungua fundo la aproni yake. “Anayekurudisha nyumbani lazima mcheze naye.”

“Nani ataongoza?”

“Mimi. Wewe lia tu, mimi najua njia.”

Wakaingia sakafuni. Wanawake wawili kucheza pamoja pale si ajabu, mashangazi wamefanya hivyo siku zote, hakuna aliyegeuza shingo. Marisela alilia mzunguko mzima wa kwanza kwenye bega la Hedy. Mzunguko wa pili simu ikatetemeka mfukoni.

“Umemjibu?”

Akaandika kwa mkono mmoja, mwingine uko begani kwa Hedy.

“Nimemjibu, mama.”

“Nipike cha watu wangapi?”

“Vile vile. Nakuja na mgeni.”

“Royce?”

“Mke wake.”

Bendi ilikuwa kwenye ubeti wa mwisho simu ilipotetemeka tena.

“Muulize kama anakula pilipili.”