Koki Isiyo na Bomba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bishi alisimama foleni na ndoo zake mahali pa kuchotea maji. Jina lake halisi lilijulikana shuleni tu. Nyumbani na mtaani wote walimwita Bishi, kwa sababu tangu alipojua kusema hakukubali jambo lolote kabla ya kuuliza kwa nini. Mama yake alisema mtoto huyo angeweza kubishana hata na kivuli chake.

Bishi, mama na mdogo wake wa kiume waliishi katika chumba kimoja cha kupanga. Kitanda kilikuwa upande huu, cherehani upande ule, na katikati mtu alipita kiubavu. Mama alikuwa mshonaji. Mvua ikinyesha, paa lilivuja, vitambaa vya wateja vikalowa, naye akawa mtu wa kuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Kwa hiyo serikali ilipotoa fedha za kujenga nyumba za bei nafuu katika mkoa wao, na mama akachaguliwa kupata mojawapo, alishinda akicheka peke yake. Lakini muda ulipita. Nyumba zilipakwa rangi, zikapendeza, zikakaa zimefungwa.

Siku moja msimamizi wa ujenzi alikuja kupiga hodi. Alikuwa mtu wa maneno matamu, na viatu vyake havikuwa na hata chembe ya vumbi.

"Mama Bishi, kesho anakuja mkaguzi kutoka wizarani," alisema. "Akikuta watu wanaishi vizuri, serikali itatoa fedha zilizobaki. Hamisha vitu vyako asubuhi, mkae pale kama mliozoea. Jioni mtarudi huku kwa muda kidogo. Ukinisaidia katika hili, ufunguo wa kwanza ni wako."

"Na nikikataa?"

"Wanaoitaka nyumba hiyo ni wengi, mama."

Mama alikubali. Asubuhi yake mkokoteni ulibeba kitanda, cherehani na mapazia. Bishi aliingia chumba hiki, akatoka, akaingia kile. Kimoja kilikuwa na dirisha kubwa linalotazama barabara. Alijua pale pale kwamba hicho ndicho chumba chake, na moyo wake ukajaa.

Mdogo wake alikuwa amejipaka vumbi la saruji mikono yote miwili. Bishi alimvuta hadi jikoni amnawishe. Juu ya sinki palikuwa na koki inayong'aa. Aliizungusha, kimya. Aliizungusha tena kwa nguvu, nayo ikang'oka ikabaki mkononi mwake. Alichungulia tundu ukutani. Mlikuwa na kipande cha mti kilichopigiliwa, na nyuma yake ukuta mtupu. Hapakuwa na bomba.

"Mama, njoo uone."

Mama aliona. Alishika kiuno.

"Irudishe," alisema. "Labda watatia bomba baadaye."

"Wakishalipwa fedha zote watarudi kufanya nini?"

"Bishi, mwanangu, nimechoka kuanika vitambaa vya watu. Leo ubishi wako uache nje ya mlango."

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alichukua koki, akaisukuma kwenye tundu, kisha akamwinamia Bishi.

"Ukifungua mdomo, mama yako atazeekea kwenye chumba kile kinachovuja. Umenielewa?"

Bishi alielewa vizuri sana. Hasira ilimpanda.

Haikupita muda mrefu mkaguzi akaingia, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akifuatana na maofisa wa mkoa. Alitazama mapazia, akalisifu dirisha.

"Shikamoo," Bishi alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Unapapenda hapa?"

Msimamizi alitabasamu huku jicho lake limemganda mtoto. Mama alikuwa ameinamia cherehani, ingawa hapakuwa na nguo.

"Napapenda sana," Bishi alisema. "Karibu maji ya kunywa."

Alichukua glasi, akaenda jikoni, na wageni wakamfuata. Aliiweka glasi chini ya koki, akazungusha. Halikudondoka hata tone, naye aliendelea kuishikilia glasi pale pale.

"Maji yamekatika leo," msimamizi alidakia.

"Hayajakatika," Bishi alisema. "Hayajawahi kuja."

Mkaguzi alisogea, akaishika koki mwenyewe. Ikamfuata mkononi. Alichungulia tundu, akavua miwani, akachungulia tena. Kisha akageuka.

"Mama, mmehamia lini hapa?"

Mama alimtazama msimamizi. Akamtazama binti yake, aliyekuwa bado ameshika glasi tupu. Akasimama wima.

"Leo asubuhi," alisema. "Na jioni tumeambiwa turudi tulikotoka."

Mkaguzi aliingia nyumba moja baada ya nyingine, na kila koki aliyoigusa iling'oka. Fedha zilizobaki zilizuiwa siku hiyo hiyo. Jioni mkokoteni ulirudisha kitanda na cherehani, na majirani waliokuwa wakisubiri nyumba wakawajia juu.

"Mwanao ametuponza," walisema. "Kwani angenyamaza angekufa?"

"Niliyemjibu mkaguzi ni mimi," mama alisema. "Mwenye neno aje kwangu, mtoto mwacheni."

Masika yote walikinga matone ya paa kwa masufuria. Bishi alilia mara moja tu, kwa siri, akikumbuka lile dirisha. Lakini msimamizi alifukuzwa na kushtakiwa, na mafundi wengine wakaletwa. Mitaro ilichimbwa, mabomba yakalazwa, na majirani wale wale wakawa wanakwenda kuchungulia mitaro hiyo kila jioni.

Siku ya kukabidhi funguo, mkaguzi alimwita Bishi mbele ya watu wote.

"Nyumba hizi zimejengwa kwa kodi zenu," alisema. "Msimamizi hakuwa na haki ya kumpa mtu wala kumnyima. Serikali hunituma nikague, lakini mimi huja na kuondoka. Nyinyi mnaobaki mkinyamaza, nitaandika kwamba kila kitu ni kizuri, na wizi utaendelea. Mtoto huyu alikuwa na cha kupoteza, na bado alisema kweli. Fanyeni hivyo hivyo."

Bishi alikimbilia jikoni mwa nyumba yao mpya. Alizungusha koki. Ilikoroma, ikatema maji ya rangi ya udongo, kisha yakatoka safi. Alijaza glasi, akampelekea mkaguzi kwa mikono miwili.

"Karibu maji," alisema. "Nilikuwa na deni lako."

Mkaguzi aliyanywa yote.

"Bishi," mama aliita kutoka jikoni, "rudi ufunge koki."