Usipokee, Nimekukumbuka Tu

Sokoni, jioni ni saa ya wenye subira. Wachuuzi wamechoka, wanataka kwenda kwao, nyanya zilizobaki haziwezi kulala, na bei inashuka yenyewe kama mtu anayeshuka ngazi akishika ukuta. Mshonaji wa mapazia alikuwa amesimama mbele ya meza ya nyanya akijifanya anachagua vitunguu. Gauni lake la bluu lilikuwa limefifia, lakini lilipigwa pasi likanyooka, na nyuzi za rangi rangi zilikuwa zimemganda mabegani kwa sababu alitoka kazini moja kwa moja. Upande wa pili wa meza kulikuwa na mwanaume mrefu mwenye mfuko wa vyuma begani, shati jeupe mikono imekunjwa, naye anatazama vitunguu hivyo hivyo.

"Dada, hivyo vitunguu unavitazama mpaka vinaona haya."

"Na wewe kaka unatazama nini?"

"Nangoja nyanya zishuke bei."

"Basi panga foleni. Mimi nimeanza kungoja jua likiwa bado kali."

Mchuuzi akashika kiuno. "Nyinyi wawili mmenisimamia kama wadai. Fungu limebaki moja. Lichukueni mgawane, mimi nikapumzike."

Wakagawana palepale, juu ya gazeti. Mshonaji akachukua zilizolainika, akamsukumia mwenzake zile ngumu.

"Laini nitazipika leo. Wewe chukua ngumu, zitakufikisha Jumapili. Maana huna mke."

"Umejuaje?"

"Mwenye mke hatumwi nyanya akiwa na bisibisi mfukoni."

Mwanaume akacheka mpaka mfuko wa vyuma ukalia. Alikuwa fundi wa friji, na tangu siku ile Mshonaji hakumwita jina jingine ila Fundi. Yeye naye akaitwa Waziri, kwa maana ya Waziri wa Fedha.

Na uwaziri aliustahili. Sabuni ya mche aliikata vipande akavianika dirishani vikauke, kwa sababu sabuni kavu haiyeyuki ovyo. Maharage aliyaloweka tangu usiku; asubuhi aliyachemsha kidogo tu, akaitoa sufuria motoni, akaifunga kwa mabaki ya mapazia mazito na kuiacha ndani ya boksi. Jioni akirudi, maharage yameiva yenyewe, na mkaa umebaki guniani. Fundi alipoonyeshwa boksi lile alikaa chini kulitazama.

"Waziri, mimi natengeneza mashine za kutunza baridi. Wewe umetengeneza ya kutunza moto kwa matambara."

"Acha maneno, shika sahani."

"Nikikuoa, na mimi utanianika dirishani?"

"Wewe uko mkavu tayari. Tizama hiyo shingo."

Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa utani na kwa kubana matumizi. Walikuwa wanaweka akiba ya kupanga nyumba ya vyumba viwili yenye jiko lake, waoane, waache kuishi kila mtu kwenye chumba chake kama funguo kwenye misumari. Kila walichookoa kiliingia kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda cha Mshonaji.

Hata simu waliibana. Kupiga kuna gharama, kubipu ni bure, basi wakajiwekea sheria. Simu yako ikiita, usipokee. Ina maana nimekukumbuka tu. Nawe ukitaka kuitikia, bonyeza ukate. Mwenzio akisikia imekatwa, anajua umemwona na umetabasamu. Wakiwa na jambo la kuzungumza, walilingoja Jumapili, siku ambayo Fundi aliweka salio la kutosha na wakaongea mpaka masikio yakapata moto.

"Na ukisahau ukapokea?" Mshonaji aliuliza siku ile walipoitunga.

"Utakuwa umenila salio, mpenzi. Nitalikata kwenye mahari."

Sasa, Fundi alikuwa mtoto wa pekee wa mama mjane, aliyeishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Baba alifariki Fundi akiwa bado anatambaa, na mama huyo alimlea kwa kuuza maziwa mlango kwa mlango. Fundi hakuwa na uwezo wa kuoa bila radhi yake, wala hakutaka uwezo huo. Akamwalika aje amwone mchumba.

Mama alikuja kavaa kitambaa cha zambarau kichwani na viatu vilivyopakwa rangi. Mshonaji akamkaribisha chumbani kwake, akapiga magoti kumwamkia, akamwekea mto mgongoni. Mazungumzo yakaenda vizuri. Chai ikamiminwa. Mama akachota sukari kijiko kimoja, akakoroga, akaonja, akanyoosha mkono kuchota tena. Na mkono wa Mshonaji, mkono tu jamani, si moyo wake, ukafunika kopo la sukari. Ndivyo alivyozoea: kijiko kimoja, kisha kifuniko. Alipotambua alichofanya, alilifungua haraka, akalisukuma mbele ya mgeni kwa mikono miwili.

"Samahani mama. Chukua, mama, tafadhali."

"Inatosha, mwanangu. Nimekwisha koroga."

Mama akainywa chai yake yote, akaaga kwa adabu. Lakini kituoni, akisubiri basi, alimwambia mwanawe, "Mimi nimeuza maziwa miaka yangu yote, na sijawahi kumnyima mtu tone la nyongeza. Anayemfunikia mgeni sukari, wewe ukiugua atakufunikia dawa. Simtaki."

"Mama, ule ni mkono tu."

"Na mimi nimeuona mkono."

Fundi alimweleza Mshonaji bila kumficha. Mshonaji akalia, kisha akajifuta. "Tutangoja," akasema. "Siku moja ataniona na mengine." Akawa anamtumia mama zawadi kwa basi: pazia la dirishani, foronya zilizotariziwa. Majibu hayakuja.

Kisha mama akaugua. Fundi akafunga karakana yake, akaenda kumwuguza. Kwa wiki kadhaa mawasiliano yakawa yale ya kubipu, asubuhi na jioni, kwa sababu kila senti ilikwenda hospitali.

Siku moja, kabla ya mchana, Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, amezama katika mapazia ya nyumba ya wageni, kitambaa kizito cha rangi ya divai kimemfunika mpaka kifuani. Simu ikaita mezani. Akatabasamu bila kuacha kukanyaga cherehani. Ikaita, ikaita, ikaita mpaka mwisho.

Mwenzake wa cherehani ya pili, mama mtu mzima waliyemwita Vifungo, akainua kichwa. "Si upokee?"

"Nikipokea namla salio. Anabipu."

"Kubipu gani huko, mpaka inakaribia kuimba ubeti wa pili?"

"Leo kanikumbuka sana."

Simu ikaita tena. Mshonaji akauvuta mkono kutoka chini ya kitambaa, akabonyeza, akakata. Ndivyo ilivyokuwa sheria. Moyo wake ulikuwa umejaa tele, akaendelea kushona huku anaimba kwa sauti ya chini.

Jioni ile simu haikulia. Kesho yake haikulia. Alipobipu, hakukatiwa. Akanunua vocha akapiga simu ya kweli, ikaita mpaka ikanyamaza. Hata Jumapili ikapita bila mlio.

"Mama yake ameshinda," akamwambia Vifungo. "Wamemtafutia mwingine huko, mwenye mkono wazi wa sukari."

"Usimhukumu mtu hujamsikia."

"Nimsikie wapi, na hapokei?"

Siku zikaenda hivyo, anashona na kufumua alichoshona. Mpaka kijana mmoja aliyekuwa akimsaidia Fundi karakanani akapita dukani, akavua kofia mlangoni. "Pole na msiba, shemeji."

"Msiba gani?"

"Wa mama yake Fundi. Walizika wiki iliyopita. Nilidhani ulikwenda."

Mguu wa Mshonaji ukaachia cherehani. Vifungo akamchukua kile kitambaa mapajani, akamsimamisha. "Nenda," akasema. "Kazi yako nitaimaliza mimi. Nenda tu."

Akaenda chumbani, akalivuta lile kopo la maziwa, akachota humo nauli na pesa ya kuwapelekea wafiwa. Kituoni hakubishana bei. Alikata tiketi ya kwenda na ya kurudi kama mtu anayekunywa dawa, bila kutazama.

Alimkuta Fundi nyuma ya nyumba ya marehemu, karibu na pipa la maji, ndevu zimeota, shati limekunjamana. Fundi alipomwona hakusogea.

"Kwa nini hukuniambia?" Mshonaji akauliza. "Hata kama hunitaki, ningekuja kumzika."

"Nilikupigia."

"Lini?"

"Siku aliyokufa. Nilikupigia mara mbili."

Mshonaji akakaa juu ya jiwe la kufulia.

Fundi akaeleza polepole, akiangalia chini. Asubuhi ile mama aliamka ana nguvu kidogo. Akasema, nipigie yule binti wa sukari, nina neno naye. "Kwa mkono mmoja nilimshika kichwa, maana shingo haikubeba tena. Kwa mkono mwingine nilimwekea simu sikioni. Nikajua utaona inaita sana, utapokea. Haikupokelewa. Akasema, jaribu tena. Nikajaribu. Akasikia umekata."

"Nilikuwa nakuitikia wewe," Mshonaji akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Nikamweleza, mama, ndivyo tunavyosalimiana. Sijui kama alinisikia. Alisema, 'Amekata. Mwache, mwanangu. Hata mimi ningekata.' Akafumba macho. Hakuyafumbua tena."

Mshonaji alijifunika uso kwa khanga. Fundi akaja akachuchumaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi naye akalia kwa sauti.

"Sina hasira na wewe, Waziri. Sheria tuliitunga wote, na niliipenda kuliko ulivyoipenda wewe. Nilishindwa kukupigia, hata kupokea, kwa sababu sikujua nitaanzia wapi."

"Alitaka kuniambia nini?"

"Hakunieleza. Alisema ni neno lenu wawili."

Jioni wazee wa ukoo walikaa sebuleni. Mjomba, kaka wa marehemu, mzee mpole mwenye kikohozi, akamtazama mgeni aliyekuwa akisaidia kukusanya vikombe.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Ni mchumba wangu, mjomba."

"Marehemu aliniambia hakumkubali," mjomba akasema. "Au alibadili neno? Kama alilibadili, sisi hatuna kipingamizi. Tutakupa baraka hapa hapa. Tuambie tu."

Fundi akafungua kinywa. Mshonaji alimwona, alijua kabisa anachotaka kusema. Neno moja lilitosha, na mwenye kulikanusha hayupo. Fundi alimtazama yeye, macho yanamsihi anyamaze.

"Mjomba," Mshonaji akasema, akiitua sinia ya vikombe. "Hakuna anayejua. Mama alinipigia simu siku ya mwisho, mimi nikaikata. Labda alikuwa anakubali, labda alikuwa ananikataza. Sikumsikiliza."

Mjomba akakohoa, akajifuta midomo kwa leso. "Umesema kweli, binti, na tunakushukuru. Lakini basi neno tulilonalo ni lile la kwanza. Hatuwezi kulifukia pamoja naye."

Asubuhi Fundi akamsindikiza kituoni. Walikaa kwenye benchi la mbao, mabega yanagusana.

"Ungenyamaza tu," Fundi akasema.

"Halafu kila asubuhi niamke kwenye ndoa uliyomwibia mama yako?"

"Naweza kuoa bila wao. Mimi ni mtu mzima."

"Najua unaweza. Mimi ndiye siwezi, Fundi. Alikufa akidhani nimemkatia." Akamshika mkono. "Utapata mwingine. Usimfundishe kubana simu."

"Sitaki mwingine."

"Leo hutaki."

Utingo akaanza kuita abiria, akipiga ubavu wa basi kwa kiganja. Fundi akasimama na mfuko wa Mshonaji mkononi. Mshonaji hakusimama.

"Nihadithie habari zake," akasema.

"Za nani?"

"Za mama. Alikuwa anacheka vipi? Maziwa alikuwa anayabeba kichwani au mkononi?"

"Basi lako linaondoka, mpenzi."

"Naliona."

Fundi akakaa tena, taratibu. Akaanza: alikuwa akiyabeba kichwani, ndoo mbili moja juu ya nyingine, na akifika mlango wenye mtoto mchanga hodi yake ilikuwa ya kucha tu, asije akamwamsha. Basi likatoa honi, likapinda kona, likaenda na kiti kitupu kilicholipiwa, na nauli yenyewe hairudishwi. Fundi akaligeukia kulitazama.

"Endelea," Mshonaji akamwambia. "Nakusikiliza."