Chupa ya Liban

Kila asubuhi kabla ya shule, Ruweyda alikuwa na kazi mbili. Alimsaidia mama yake, Lul, kupakia jerikeni za maziwa ya ngamia kwenye mkokoteni wa kwenda soko la Garissa. Kisha alimpa mdogo wake, Liban, kijiko kimoja cha dawa ya vitamini D.

Liban alikuwa na miaka miwili na alikuwa bado hajatembea. Mifupa yake ilikuwa laini, na miguu ilianza kupinda. Nesi Khadijo wa kliniki aliagiza apewe kijiko kimoja kila siku bila kuruka. Chupa ya kwanza ilipokaribia kwisha, Liban alishika ukuta akasimama, na mama akacheka hadi machozi yakamtoka.

Balaa lilikuja na chupa ya pili. Asubuhi moja Ruweyda alikuwa amechelewa, akaiacha bila mfuniko ukingoni mwa meza. Ikaanguka, na zaidi ya nusu ikamwagika. Kwa hofu, akachukua maji yaliyochemshwa, akaijaza hadi shingoni na kuifunga. Alijiambia kwamba dawa bado imo. Na huyu, jamani, ni binti wa Lul, mwanamke ambaye soko zima lilijua hajawahi kutia hata tone la maji kwenye maziwa yake!

Wiki zikapita. Liban akaacha kushika ukuta. Akisimamishwa alilia na kukunja miguu. Walipompeleka kliniki, Nesi Khadijo alimpapasa magoti, uso ukamshuka.

"Mama Liban, mnampa dawa kila siku?"

"Kila siku, wallahi," alijibu Lul.

Waliporudi nyumbani, Lul alidondosha dawa kidogo kwenye ukucha wa kidole gumba, kama anavyopima maziwa anayoletewa na wafugaji. Tone halikutulia. Lilitiririka mara moja.

"Hii imetiwa maji!" alisema, akaenda moja kwa moja sokoni, hadi duka la dawa la mzee Abdiwahid alikoinunua. Ruweyda alimfuata akiwa amembeba Liban mgongoni.

"Abdiwahid! Unatia maji dawa ya mtoto mgonjwa? Humwogopi Mungu?"

"Lul, chupa hutoka kiwandani ikiwa imefungwa. Mimi hata mfuniko sifungui."

"Maji nayajua mimi!"

Wauza maziwa wote walisikia. Mama mmoja aliyekuwa ameshika karatasi ya dawa aliikunja, akaondoka. Siku nne baadaye, duka lilikuwa kimya. Ruweyda alipopita akitoka shule, alimwona mzee akipangusa makopo yasiyo na vumbi. Zamani alikuwa akimtania, "Daktari wangu, mgonjwa hajambo?" Sasa aliinamisha uso tu. Ruweyda alijichukia.

Siku ya tano, Lul aliifunga ile chupa kwenye leso. "Naipeleka kwa wakubwa wa afya. Hilo duka lifungwe."

"Hooyo, usiende!" Ruweyda alipiga magoti. "Dawa ilimwagika. Maji nilitia mimi."

Mama hakumpiga. Aliketi juu ya jerikeni tupu, akajifunika uso kwa shela, akalia. Ruweyda aliona afadhali angepigwa.

Walikwenda pamoja kliniki, Liban akiwa mgongoni mwa Ruweyda. Nesi Khadijo alisikiliza hadi mwisho.

"Ruweyda," alisema, "dawa hii hupimwa ili kila kijiko kiwe na vitamini sawa, cha kwanza hadi cha mwisho. Ukitia maji, kijiko kinajaa vilevile, lakini vitamini zimepungua. Maziwa ya maji mama yako anayajua kwa ukucha. Dawa ya maji, Liban ndiye aliyetuambia kwa miguu yake, nasi tukachelewa kumsikia. Kumwagika ni ajali. Ungesema siku ileile, tungepata chupa nyingine."

"Atatembea?" Ruweyda aliuliza.

"Atatembea, inshallah. Lakini amepoteza miezi miwili, na pengine miguu haitanyooka yote."

Kutoka hapo walienda sokoni, hadi dukani kwa Abdiwahid. Mbele ya wauza maziwa walewale, Lul alipaza sauti. "Nilimsingizia Abdiwahid. Maji yalitiwa nyumbani kwangu." Kutamka neno hilo sokoni kulimuuma kuliko jambo lolote maishani mwake.

"Adeer Abdiwahid, nisamehe," Ruweyda alisema huku akilia. "Nilikuona ukiteseka, nikanyamaza."

Mzee Abdiwahid aliingia ndani ya duka. Kisha alichukua chupa mpya kutoka rafuni, akaifuta na kuiweka mikononi mwa Ruweyda.

"Mimi sifungui," alisema. "Fungua wewe, umpimie mgonjwa wako. Sema ukweli hata mkono ukikuteleza, daktari wangu."

Ruweyda alivunja kifungio. Alijaza kijiko taratibu, na hakumwaga hata tone. Liban alifungua kinywa akingoja kijiko chake, bila wasiwasi wowote, kama alivyofungua kila asubuhi.