Nani Alimwita Nekesa?

Msimu wa mavuno ukifika, watu wa Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret, huanika mahindi popote palipo na jua. Wale ambao ua umewajaa hutandika maturubai hadi kando ya barabara, na mpita njia atajijua. Mzee Kipchumba alikuwa mmoja wa hao. Mahindi yake yalimeza njia yote ya waendao kwa miguu, na hakuna aliyethubutu kumwambia lolote, maana alikuwa mzee wa kanisa na neno lake lilikuwa zito mtaani.

Kazi ya kuyageuza mahindi hayo ilikuwa ya bintiye Jerop, mwanafunzi wa gredi ya sita. Jumamosi moja aliamka, akakamua ng'ombe, akaosha vyombo, kisha akashika reki na kuanza kazi. Karibu naye, kwenye nguzo ya ua, alikuwa amefungwa Tiger, mbwa mkubwa mwenye hasira za bure. Kabla ya kwenda mjini, Mzee Kipchumba alimfungua.

"Mwache huru," alisema. "Jana ng'ombe wa watu wamekula hapa."

"Na watu wakipita, Baba?"

"Mwenye akili atapita upande ule mwingine."

Jua lilipokuwa kali, Jerop alichoka. Ndipo alipomwona Nekesa akitoka dukani na kipande cha sabuni. Nekesa alikuwa rafiki yake wa dawati moja. Mamake, mjane aliyeishi kwa kufulia watu nguo, alikuwa amepanga chumba nyumba chache kutoka pale.

"Nekesa, kuja unisaidie kidogo," Jerop aliita. "Tukimaliza twende tucheze."

Nekesa alisita. "Na huyo mbwa wenu?"

"Hana shida. Si niko hapa?"

Basi Nekesa akaweka sabuni chini, akainama, akaanza kugeuza mahindi kwa mikono. Tiger hakujua urafiki wao. Alichoona ni mtu mgeni ameinamia mali ya nyumba yake. Alimrukia bila hata kubweka, akamkamata shavu la mguu, na hakumwachilia mpaka Jerop alipompiga kwa mpini wa reki.

Mama Nekesa alifika mbio, kanga imemdondoka njiani. Alimfungulia mwanawe maji ya bomba juu ya kidonda, akakiosha kwa sabuni muda mrefu, huku mtoto akilia na yeye mwenyewe akilia. Kisha akampakia kwenye bodaboda hadi hospitalini. Daktari alimshona, akamdunga sindano ya kwanza ya kuzuia kichaa cha mbwa, akamwambia mama asikose kumrudisha kwa sindano zilizobaki. Alimwambia pia aripoti polisi, na aliuliza kama mbwa alikuwa amechanjwa. Mama hakujua. Ukweli ni kwamba Tiger hakuwahi kuchanjwa tangu azaliwe. Jioni hiyo mama aliandikisha ripoti polisi.

Mzee Kipchumba aliporudi, Jerop alimweleza yote bila kuficha. Baba alikuna kidevu.

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Wewe hukumwita. Ulikuwa jikoni. Ulipotoka, ulimkuta anachota mahindi."

"Lakini Baba, mimi ndiye..."

"Unataka babako ashtakiwe? Watu wa kanisa watasema nini?"

Mdomo wa Jerop ukawa mzito. Hakuitikia, wala hakukataa.

Jumatatu, uongo wa baba ulikuwa umefika shuleni kabla yake. Watoto walicheka ati Nekesa ameng'atwa akiiba mahindi, na kila aliyesimulia alitia chumvi yake. Wengine walimuuliza Jerop. Yeye ndiye aliyeweza kuuzima uvumi ule kwa neno moja, na hakulisema. Aliinama juu ya kitabu asichokisoma, nafasi ya Nekesa ikiwa tupu kando yake. Jumanne ikawa hivyo, na Jumatano, mpaka wiki ikaisha.

Pale mtaani kuna desturi ya kumalizia mambo nyumbani. Aliyekosa huja na wazee na kitu mkononi, watu wanaomba, wanakunywa chai, na neno halifufuliwi tena. Mzee Kipchumba alifikiri hilo litatosha. Aliwachukua wazee wawili, akapakia gunia la mahindi kwenye mkokoteni, na Jerop akabebeshwa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Walimkuta Mama Nekesa akifua.

"Mama, tumekuja kwa amani," alisema Mzee Kipchumba. "Mtoto wako alikosea, lakini sisi ni majirani. Pokea hili, uondoe ile ripoti ya polisi, tuombe, yaishe."

Mama Nekesa alijifuta povu mikononi. Alilitazama gunia, akamtazama Mzee.

"Mwanangu mmemwita mwizi wa mahindi," alisema, "kisha mnaniletea mahindi? Rudi nayo, Mzee. Nikiyapika, nitakuwa nimekubali kwamba aliiba."

Jerop alitamani ardhi ipasuke. Mkokoteni uligeuzwa na gunia lake, watu wakichungulia madirishani.

Mama Nekesa alikwenda kwa naibu wa chifu, Madam Chelimo, naye akawaita wote ofisini. Mzee Kipchumba alisimama na kurudia hadithi yake, sauti kavu, shati limepigwa pasi. Nekesa alikuwa kwenye benchi, mguu uliofungwa bandeji ameunyoosha mbele. Alingoja mpaka Mzee akamaliza.

"Jerop," aliuliza polepole, "si wewe uliniita?"

Jerop alihisi macho ya baba yake shingoni. Aliogopa, tena aliogopa sana. Lakini sauti ya Nekesa haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu anayetaka kujua tu, na hilo ndilo lililomshinda.

"Ni mimi nilimwita," alisema, machozi yakimtoka. "Alikuwa ananisaidia. Hakuiba hata punje. Baba ndiye aliyemfungua mbwa."

Mzee Kipchumba alikaa chini kama aliyesukumwa.

"Mzee," alisema Madam Chelimo, "barabara si ua wako. Mbwa ni wako, na umemfungua mahali watu wanapita. Matibabu ya mtoto huyu mpaka apone ni juu yako, na fidia ya maumivu na kovu. Hata angeokota konzi ya mahindi kweli, hiyo si ruhusa ya kuraruliwa. Nami siwezi kumlazimisha mama huyu akusamehe. Msipoelewana, ana haki ya kwenda mahakamani kwa niaba ya mwanawe."

Mzee Kipchumba alilipa, uso ameukunja. Tiger alichanjwa na kufungiwa. Jumapili iliyofuata Mzee alisimama kanisani na kutangaza kwamba Nekesa si mwizi, lakini aliyasema haraka haraka, kama mtu anayesoma tangazo la mwingine.

Nekesa alirudi shuleni akichechemea, akaomba dawati lingine. Jerop alivumilia siku kadhaa, mwisho akaenda kwao. Alimkuta Mama Nekesa mlangoni.

"Mama Nekesa, mbona hanisemeshi? Baba ameshalipa kila kitu, nami nilisema ukweli."

"Babako amelipa kosa la mbwa wake," alijibu mama. "Haikuwa sadaka, ilikuwa haki ya mwanangu. Lakini wewe ulijua ukweli tangu siku ya kwanza. Wiki nzima mwanangu alilala na maumivu ya mguu na ya jina lake, na ya jina ndiyo yaliyomkosesha usingizi. Hayo nani atamlipa?"

Jerop aligeuka aondoke.

"Sikufukuzi," mama aliendelea, sauti imelegea kidogo. "Ulisema mwishowe, tena mbele ya babako, na nimeona haikuwa rahisi. Ila jifunze, mwanangu. Mtu akionewa mbele yako, sema siku hiyo hiyo. Ukingoja, ukweli unamkuta ameshaumia." Alimsogezea kigoda. "Kaa. Akitaka kutoka, atatoka."

Jerop alikaa mpaka nguo zote kwenye kamba zikakauka. Ndani alimsikia Nekesa akitembea, mguu mmoja ukiburuta sakafuni. Nekesa hakutoka.